Siku Huru Geneva, kwa Macho ya Mtu wa Jinja

Kwenye ratiba tuliyopewa Kampala, siku kumi za kwanza zilijaza kurasa nne: Roma, Assisi, Turin, Annecy, saa ya misa, saa ya kula, hadi saa ya kwenda msalani. Siku ya kumi na moja ilipata mstari mmoja: "Siku huru Geneva. Chakula na usafiri ni juu ya msafiri." Waliokuwa wakipanga safari walikula ng'ombe mzima, mkia ukawashinda. Naandika juu ya mkia huo, maana wenzangu wa parokia wananiuliza kila Jumapili kama safari ilifaa pesa zake, na nimechoka kujibu nikiwa nimesimama mlangoni mwa kanisa.

Mjue anayesema. Nilizaliwa Walukuba, Jinja, mtaa wa wafanyakazi ambako Waluo, Wagisu, Wasamia, Wanubi na Wasoga waliishi ukuta kwa ukuta, Kiswahili kikawa lugha ya uani na ya mpirani. Nilifanya kazi miaka 31 kwenye bwawa la umeme la Nalubaale, lile ambalo wazee bado wanaliita Owen Falls. Milango ya maji, mafuta ya mashine, zamu za usiku. Kwa hiyo nikifika mji wenye ziwa siangalii majumba. Naangalia maji yanatokea wapi.

Malalamiko kwanza, yaishe. Tulikuwa mahujaji 28 wa Jubilei ya 2025, wengi tumevuka sitini, na tulilipa kwa awamu mwaka mzima. Ratiba ilisema "hoteli Geneva". Asubuhi tulipofungua pazia, bendera iliyopepea juu ya ofisi ya mji ilikuwa ya Ufaransa. Tulikuwa tumelala Annemasse, ng'ambo ya mpaka. Kitanda kilikuwa kizuri, sina neno nacho. Tatizo ni kwamba mgeni anayelala kwenye hoteli ya Geneva yenyewe hupewa kadi ya kupandia tramu, basi na vimashua vya ziwani bila kulipa, siku zote za kukaa kwake. Sisi wa ng'ambo hatukuwa nayo. Basi mahujaji 28 tukajipanga mbele ya mashine ya tiketi isiyojua Kiganda wala Kiswahili, kila mmoja na euro zake zilizobaki Italia, nyuma yetu vijana wa Kifaransa wakipumua kwa hasira.

La pili: siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Kampuni iliwaambia akina mama kuwa hiyo ndiyo siku ya kununua zawadi. Ndugu zangu, Geneva Jumapili maduka hufungwa. Nalongo (ndivyo kwetu anavyoitwa mama wa pacha), ambaye ana jozi tatu za pacha na wajukuu wasiohesabika, alitembea barabara nzima ya maduka ya saa na chokoleti akizitazama kwa kioo kama mtu anayetazama samaki kwenye tangi. Baadaye tuligundua kuwa maduka ya stesheni kuu ya Cornavin huwa wazi, na humo ndimo chokoleti zote za Jinja zilimotoka mwaka huo. Mtu mmoja tu ofisini Kampala angefungua kalenda, tungeyajua hayo kabla ya kufunga mizigo.

Kiongozi wetu wa msafara alituaga saa mbili asubuhi, akasema tukutane hotelini saa kumi na mbili jioni kwa ajili ya ndege. Nadhani alikwenda kulala. Sikumlaumu, siku kumi alikuwa ametuhesabu kama kuku.

Treni ya Léman Express, iliyoanza Desemba 2019, inatoka Annemasse, inapita chini ya ardhi na kukuweka Cornavin kabla nusu saa haijaisha. Hakuna geti, hakuna kondakta. Nalongo akaninong'oneza: "Mzee wangu, kumbe tungepanda bure?" Nikamwambia ajaribu siku ambayo hatuko pamoja. Jioni tukirudi, watu wawili waliovaa nguo za kawaida walisimama katikati ya behewa, wakatoa vitambulisho na kuanza kukagua tiketi mmoja mmoja. Nalongo alinitazama mara moja tu, akafungua pochi.

Misa tulisali Notre-Dame, basilika iliyo hatua chache kutoka stesheni. Ilikuwa kwa Kifaransa, na padri hakuwa na haraka wala maneno mengi. Jambo la kuchekesha kidogo: siku mbili kabla tulikuwa Annecy kwenye kaburi la Mtakatifu Fransisko wa Sales, aliyekuwa askofu wa Geneva tangu 1602 na hakuweza kuishi Geneva, kwa kuwa mji ulikuwa mikononi mwa Waprotestanti wa Calvin. Sisi tuliingia bila kuulizwa kitu.

Kutoka hapo ni mteremko mpaka Pont du Mont-Blanc, na ni hapa ambapo siku yangu ilianza.

Simama katikati ya daraja hilo. Upande mmoja ziwa, limetulia, limejaa matanga meupe. Upande wa pili maji yameanza kwenda. Hakuna mporomoko, hakuna kelele, ni uso wa maji tu unaobadilika kutoka kulala hadi kutembea. Mto Rhône huingia ziwani mbali huko mashariki ukishuka kutoka kwenye barafu za milima, na hapa ndipo unapotoka. Nimeliona jambo hilihili maisha yangu yote kutoka upande wa kwetu, pale Naili inapoliacha ziwa Victoria. Kwetu kuna geti, kuna tiketi, kuna boti na kijana wa kukueleza kuwa Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alifika mwaka 1862, na maporomoko ya Ripon aliyoyaona yalizamishwa bwawa letu lilipokamilika mwaka 1954. Geneva sikuona kibao. Magari yanapita, na watalii wote wamegeuzia mto mgongo wakipiga picha chemchemi. Nilikaa pale hata Ladit, mzee wetu wa Gulu, akaja kuuliza kama presha imepanda.

Kwa wanaopenda kulinganisha: ziwa lao lina kilomita za mraba 580 hivi, letu ni zaidi ya 68,000. Ukilitupa lao ndani ya letu, mvuvi wa Masese asingejua. Lakini kwa kina wanatushinda vibaya. Lao linashuka hadi mita 310, letu halifiki hata 90. Sisi tuna sinia, wao wana mtungi.

Na maji ni safi kiasi kwamba kutoka ukutani niliona kijiko chini. Msidhani ilikuwa hivyo siku zote. Miaka ya 1970 ziwa hili lilijaa fosfeti za sabuni na maji machafu ya miji, mwani ukazidi, hewa ikapungua chini. Uswisi na Ufaransa zilikuwa na tume ya pamoja ya kulilinda, zikajenga mitambo ya kusafisha majitaka, na mwaka 1986 Uswisi ikapiga marufuku fosfeti katika sabuni za kufulia. Mtu aliyezoea kuona gugumaji likiziba gati za Jinja hulitazama ziwa la namna hii kwa wivu, na mimi nilikuwa nao.

Saa ya maua iliyo kwenye bustani ya kando ya daraja tuliipita. Ni saa, ina maua, inaonyesha saa. Dada mmoja wa Mbarara alipiga nayo picha kumi na moja.

Sasa chemchemi. Inaitwa Jet d'Eau, na kila kitabu cha wageni kitakuambia urefu wake ni mita 140. Ni kweli, na inatisha ukiwa chini yake. Lakini hadithi yake ndiyo iliyonifurahisha, na hakuna kiongozi aliyetuambia, niliisoma kwenye kibao nikisaidiwa na kijana wa Tororo anayejua Kifaransa. Mwaka 1886 mji ulijenga mtambo wa pampu mtoni, pale Coulouvrenière, wa kusukuma maji ya mgandamizo hadi kwenye karakana za mafundi ili yaendeshe mashine zao. Jioni mafundi walipofunga kazi na kuzima mashine, mgandamizo ulipanda ghafla kwenye mabomba. Wahandisi wakafungua vali ya kupunguzia, maji yakaruka juu mita 30 hivi. Watu wa mji wakaona jioni zote mnara wa maji, wakaupenda. Mwaka 1891 wakauhamishia ziwani uwe pambo tu, na pampu za sasa zikawekwa mwaka 1951.

Yaani alama ya mji mzima ni vali ya usalama. Kwetu bwawani vali ikitema maji juu hivyo, mtu anaandikiwa barua.

Nilimpa Ladit hesabu: lita 500 kwa sekunde, kasi ya kilomita 200 kwa saa ikitoka mdomoni. Akastaajabu. Nikamwambia moja tu ya mashine kumi za Nalubaale inameza maji hayo mara nyingi bila kuonekana, na hakuna aliyewahi kuja kutupiga picha. Akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Afande, ninyi hamkurusha juu."

Ushauri kwa atakayekwenda: ingia kwenye gati la mawe linalokwenda hadi karibu na mdomo wa maji, ni bure, lakini tazama upepo. Upepo ukigeuka unalowa hadi soksi kwa sekunde chache. Nalongo alilowa gomesi yote, lile vazi refu la mama zetu, na gomesi ikilowa uzito wake mnaujua. Upepo ukizidi, chemchemi huzimwa kabisa. Siku yetu waliizima saa saba kasoro, ghafla, mnara ukakatika na maji ya mwisho yakaanguka peke yake. Watalii waliokuwa wamefika dakika ile walibaki wamenyanyua simu.

Kutoka upande ule tulivuka kwa kimashua cha rangi nyekundu na manjano, kile wanachokiita mouette. Huduma hii ipo tangu 1897 na tiketi ya siku ya tramu inafaa humo pia. Safari ni dakika chache, viti vya mbao, hakuna jaketi la kuokolea lililotolewa mbele yangu, na nahodha anaegesha kama anavyoegesha mtu baiskeli nyumbani kwake. Hiki ndicho kitu bora mjini kwa bei yake. Kwa mtu aliyewahi kusubiri meli ya kwenda Ssese pale Nakiwogo tangu asubuhi, chombo kinachofika dakika ile ile iliyoandikwa kinagusa moyo.

Chakula. Hapa naomba usikivu, maana wengi wetu tuliteseka. Faranga moja ni zaidi ya shilingi zetu 4,000, na ukianza kuzidisha kichwani hutakula. Kundi la kwanza lilikaa kwenye mkahawa wa ukingoni wenye vitambaa mezani, likaagiza filets de perche, samaki anayesifiwa mji mzima. Perche ni sangara wa kwao. Sahani ilipofika, Nalongo akahesabu vipande, kila kimoja kama kidole cha mtoto, akauliza kwa upole kama mama yao bado yuko jikoni. Sangara wetu hufika uzito wa mtu mzima na zaidi. Halafu kijana wa Tororo akasoma mwishoni mwa menyu, ambako sheria yao huwataka waandike samaki katoka nchi gani, na ziwa lile halikutajwa. Samaki alikuwa ameletwa kutoka mbali, kama sisi. Alikuwa mtamu, nilionja. Hakuwa na thamani ya bei ya kilo kadhaa za nyama Jinja.

Jioni ile ile, kwenye jokofu la duka la stesheni, niliona mnofu mweupe uliofungwa kwa nailoni, umeandikwa "perche du Nil". Wa kwetu. Mnofu ulio mzuri kuliko ule ninaoupata sokoni, kwa sababu Masese mnofu huingia kiwandani na sisi tunauziwa kichwa na mgongo. Nilisimama pale kidogo. Sikununua.

Sisi wa kundi la pili tulikula Bains des Pâquis, na hapo ndipo nitakapompeleka mtu yeyote. Ni bafu la umma la mwaka 1932, limejengwa juu ya gati linaloingia ziwani, na mnara mweupe wa taa mwishoni. Kiangazi unalipa faranga mbili kuingia, unaogelea, unajirusha kutoka ubaoni, unalala juu ya saruji. Mkahawa wake ni wa kujihudumia: unapanga mstari, kuna chakula cha siku kilichoandikwa kwa chaki, unabeba sinia yako na kugombania nafasi kwenye meza ndefu. Siku hiyo kilikuwa kuku wa mchuzi na wali, sahani imejaa, bei ambayo ingeshtua Jinja lakini kwa Geneva ni huruma. Nilikaa kati ya mzee aliyevaa chupi ya kuogelea tu na mama wa Kieritrea aliyefanya kazi ya usafi kwenye majengo ya Umoja wa Mataifa. Huyo mama alitujazia chupa zetu kwenye bomba la ukutani na kutuonya tusinunue maji: mabomba ya barabarani mjini kote ni ya kunywa, isipokuwa yaliyoandikwa kuwa si ya kunywa. Kampuni ilikuwa imetuuzia maji ndani ya basi siku kumi.

Upungufu wa pale: kivuli ni haba, viti vinakwisha, na wahudumu hawana muda na asiyejua Kifaransa. Nikamwonyesha mhudumu sahani ya jirani kwa kidole, tukaelewana.

Baada ya chakula Ladit aliomba kitu kimoja, kuona kiti. Tukapanda tramu namba 15 hadi uwanja ulio mbele ya ofisi za Umoja wa Mataifa. Kiti ni cha mbao, urefu mita 12, mguu mmoja umevunjika juu ya goti. Kilisimamishwa mwaka 1997, kazi ya mchongaji Daniel Berset, kuzisukuma nchi zitie sahihi mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini. Uganda ilitangaza kuwa imemaliza kusafisha mabomu yake mwaka 2012. Ladit alikizunguka mara mbili. Watoto walikuwa wakicheza kwenye maji yanayoruka kutoka sakafuni chini yake. Akaniomba nimpige picha akiwa ameshika ule mguu mzima, si uliovunjika, na hakusema tena mpaka mtoni.

Wengine walipanda kanisa la Saint-Pierre kuona kiti cha Calvin na ngazi 157 za mnara. Wanasema mandhari ni nzuri. Magoti yangu yalipiga kura, hoja ikaanguka.

Mimi nilishuka na mto. Hii nawapendekezea hata msiojua bomba na koki. Anzia Pont de la Machine, jengo lililokaa katikati ya mto ambako zamani pampu zilisukuma maji ya mji. Endelea chini kidogo utakuta bwawa la Seujet, ambalo tangu 1995 ndilo linaloshika kiwango cha ziwa lote. Ni dogo, safi, halina mlinzi wa kukufukuza, na niliitazama milango yake mpaka Ladit akakaa chini. Kisha lile jengo la pampu la mwaka 1886, ambalo sasa ni ukumbi wa maonyesho na opera. Nimefikiri sana juu ya hilo. Sijui mashine zetu zikizimwa siku moja nani atakuja kuimba humo.

Mwisho wa njia ni Jonction. Rhône inafika ikiwa ya buluu na kijani, kwa kuwa tope lake lote limelala chini ya ziwa. Kutoka kushoto unakuja mto Arve, maji ya barafu ya Mont Blanc, rangi ya saruji mbichi. Inakutana na haichanganyiki. Kwa mita nyingi mito hiyo inakwenda bega kwa bega, mstari umenyooka katikati kama umepigwa rula. Panda kwenye daraja la reli lililo juu, lina njia ya miguu, uone vizuri. Vijana walikuwa wakielea mtoni na mifuko yao isiyoingia maji, wakipiga kelele kwa baridi.

Ladit akauliza maji haya yanakwenda wapi. Nikamwambia Rhône huvuka Ufaransa na kumwagika Mediterania. "Na ya kwetu?" Mediterania pia, upande wa Misri, baada ya miezi mitatu hivi kama vijana wa boti wanavyowaambia wageni. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu kwenye kiti. "Basi tungepanda maji, tukabadilisha huko mbele. Ndege ya nini?"

Jiji nalipa alama nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa bei na kwa Jumapili. Kampuni nitaipa tano kwa siku zile kumi, na kwa siku ya kumi na moja sina cha kuipa kwa kuwa haikuwepo. Ukienda, anza na misa au na kifungua kinywa, lakini ufike darajani kabla ya saa nne, kabla mabasi ya wageni hayajashusha watu. Chukua koti hata mwezi wa tisa. Zawadi nunua stesheni. Ukiwa na magoti kama yangu, tembea kushuka na mto na urudi kwa tramu namba 14.

Wiki iliyopita kampuni ile ilinipigia simu, wana safari nyingine mwakani na wanatafuta majina. Nimewaambia waandike langu na la Nalongo, ila hoteli iwe ng'ambo ya pili ya mpaka, na siku ya mwisho iwe Jumatatu.